Tumaini la mgonjwa asiyepona

Mi ni nesi wa tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, hapa Dodoma, wagonjwa wangu wengi ni wa kansa na wengi wanatufikia ugonjwa umeshasambaa. Karibu kila nyumba ntavutwa pembeni, "sista usimwambie, atakata tamaa". Nawaelewa, ni upendo huo, ila mara nyingi mgonjwa alishajua zamani, anachokosa ni mtu wa kuongea nae tu.

Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Kaye Herth, nae nesi, alichapisha utafiti wa watu wazima 30 waliokuwa mwishoni mwa maisha. Walisema kinachowatia moyo ni watu wa karibu, imani, vijilengo vinavyofikika, kumbukumbu nzuri, hata kucheka. Kinachowavunja ni maumivu yasiyotulizwa, kutelekezwa, na kuonekana sio mtu tena.

Mi naanza na maumivu, siku zote. Mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, inanywewa kila baada ya masaa manne, kwa kuangalia saa, sio mpaka aanze kulia ndo mkumbuke chupa, na dozi ya kulalia daktari anaweza kuidabo ili usiku asiamshwe, na lazima iende na dawa ya kulainisha choo maana mofini inafunga choo vibaya sana. Watu wakisikia mofini wanadhani ndo anamalizwa. Hapana jamani! Kuna mzee mkulima wa uwele, alikuwa hasemi na mtu, kageukia ukutani, maumivu yalivyoshuka kitu cha kwanza kuuliza ni nani anaamia ndege shambani, halafu akataka mjukuu aitwe toka Dar amwonyeshe mpaka wa shamba. Hakuwa anasubiri kupona, alikuwa anamsubiri mjukuu, na lile ni tumaini kamili kabisa, sio la kubahatisha.

Wengine wanaomba muujiza na jioni hiyohiyo wanataka kuandika wosia, sibishani nao, vyote viwili vinakaa kwenye moyo mmoja bila shida. Mi naulizaga tu, wiki hii ungependa nini?

Na nyie mnaouguza, msimtoe kwenye mambo ya nyumba kisa yuko kitandani. Mbuzi akiuzwa mwambieni bei, posa ikija barua asomewe yeye kwanza na mahari aseme yeye.