Unene wa Kioo cha Mlango Si Usalama Wake
Wenye nyumba wengi hapa Malindi, wanapoagiza mlango wa mbele wenye kioo, humtaka fundi aweke cha milimita 6 badala ya 4, wakiamini kwamba unene ndio usalama. Sivyo. Kioo cha kawaida, hata kikiwa kinene, kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye ncha kali, na kipande kinene huanguka kwa uzito zaidi.

Kinachokifanya kioo kuwa salama ni namna kilivyotengenezwa. Kilichopashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi kisha kikapozwa ghafla kwa hewa huwa na nguvu takriban mara nne ya kile cha kawaida, na kikivunjika husambaratika kuwa chembe butu. Cha tabaka mbili zilizoshikanishwa kwa utando wa plastiki hupasuka, lakini vipande hubaki vimeng'ang'ania utando huo. Marekani imelazimisha vioo vya usalama milangoni tangu 1977.

Kile kilichopashwa moto hakikatiki tena baada ya kupozwa; kwa hiyo fundi akikipunguza mbele yako, basi hakikupashwa moto hivyo. Kabla ya kulipa, itafute pembeni alama ya kiwanda isiyofutika.