Johann Crüger, mtunzi wa tuni za waumini

Ukiwauliza watu wa kwaya kuhusu wanamuziki wa kanisa wa Ujerumani, jina la kwanza ni Bach. Anastahili. Lakini mimi ninayefundisha kwaya na kupiga kinanda ibadani namtegemea zaidi Johann Crüger, na inaniuma kuona anavyosahaulika.

Alizaliwa mwaka 1598 karibu na mji wa Guben, akasoma teolojia Wittenberg. Mwaka 1622 akawa kantori, yaani kiongozi wa muziki, wa Kanisa la Mtakatifu Nikolai, Berlin, kazi aliyoishika miaka 40 hadi alipofariki mwaka 1662. Katikati ya miaka hiyo Vita ya Miaka Thelathini iliyoanza 1618 ilikuwa bado inaunguza Ujerumani, ikifuatana na njaa na tauni. Mwaka 1636 Crüger alifiwa na mke na watoto watano. Yeye mwenyewe aliugua tauni akaponea chupuchupu. Alioa tena, akapata watoto 14, na wengi wao pia walifariki wakiwa wadogo. Waumini aliowatungia walikuwa wafiwa wenzake, na nadhani ndiyo maana tuni zake hazina madoido.

Chukua Nun danket alle Gott (Sasa mshukuruni Mungu nyote), iliyotoka mwaka 1647 kwa maneno ya Martin Rinckart. Kwa solfa (do, re, mi) inaanza hivi: s s s l l s. Basi! Sauti inapanda hatua moja tu, inarudi ilipokuwa. Mistari miwili ya mwanzo inarudiwa yote kabla ya jambo jipya kuingia, kwa hiyo hata asiyesoma nota ameshaishika tuni. Sasa linganisha na Jesu, meine Freude (Yesu, furaha yangu) ya mwaka 1653: m m r d t l. Hapo sauti inateremka ngazi kwa ngazi mpaka chini, bila kuruka hata moja. Kwa nota hizo chache umeshasikia mtu anayelia huku ameshika imani. Juu ya tuni hiyo Bach alikuja kujenga moteti nzima, yaani wimbo wa kwaya wa sauti nyingi, yenye sehemu 11.

Kitabu chake kikuu cha nyimbo, Praxis Pietatis Melica, kiliendelea kuchapwa muda mrefu baada ya kifo chake. Ndicho kilichozitangaza nyimbo za mshairi Paul Gerhardt: 18 katika toleo la 1647, zaidi ya 80 katika lile la 1653. Kilichapwa tuni na besi yenye tarakimu tu, yaani sauti ya chini yenye namba zinazoonyesha sauti za kujazia. Sauti za kati mpiga kinanda alizijaza mwenyewe. Kiliwafaa watu wa nyumbani na kanisani vilevile.

Kwetu Tanzania, nyimbo za namna hii zilifika na wamisionari wa Kilutheri, na sharika nyingi huziburuza kana kwamba kila wimbo wa Kijerumani ni wa mazishi. Crüger hakukusudia hivyo. Mwaka 1649 alitoa kitabu chenye sauti nne za waimbaji, na juu yake mistari miwili ya violini au ala za kupuliza inayochangamka huku waimbaji wakishika tuni. Kama usharika wako una kwaya ya tarumbeta, wape wapigaji wawili mistari hiyo ya juu, waumini waimbe tuni kwa mwendo wa mtu anayetembea, na kinanda kisiwafunike.