Nalingi: unene wa kuazima juu ya risasi ya gobore

Nalingi ni kazi ya kukandamiza uso wa metali kwa chombo chenye meno magumu kuliko metali hiyo, mpaka uso uliokuwa laini ubaki na vijituta na vifereji vinavyofuatana kwa mpango. Mistari yake huweza kuwa ya kunyooka, ya kuinama upande mmoja, au ya kukatana na kufanya vijimraba vilivyolala kwa pembe. Aliyewahi kushika mpini wa maikromita, mwili wa tochi ya chuma au chuma cha kunyanyulia uzani amekwisha kuigusa, kwa kuwa katika vyombo hivyo nalingi hutiwa ili mkono usiteleze. Matumizi hayo ndiyo yaliyoenea zaidi, hata wengi hudhani kwamba nalingi ni mshiko tu, au ni pambo. Liko jambo la pili ambalo nalingi hulifanya, nalo ni kukuza kipenyo cha kitu bila kukiongezea hata chembe ya metali.

Ili kulielewa jambo hilo, ni lazima kutofautisha kukandamiza na kuchonga. Mchongaji huondoa: chembe hudondoka, na kitu hupungua uzito. Ipo nalingi inayofanywa kwa kuchonga, lakini ile ya kawaida haiondoi kitu. Jino la chombo linapozama, metali iliyokuwa mahali pale haina pa kwenda ila kupanda pembeni, hivyo bonde linachimbika na kilele kinainuka kando yake. Ukikipima kitu kwenye mizani kabla na baada ya kazi, uzito ni uleule. Ukikipima kwa kalipa, kipenyo kimekua. Kilichokua ni vilele tu. Huo ndio ninaouita unene wa kuazima, kwa sababu kila kilele kimekopa kwenye bonde la jirani, na anayesahau deni hilo hukitegemea kipenyo kipya kana kwamba ni chuma kizima.

Mafundi wa injini waliutumia ujanja huu kwa muda mrefu. Pistoni iliyolika na kuanza kucheza ndani ya silinda ilipigwa nalingi kwenye kiuno chake ili ikaze tena, na vivyo hivyo mirija inayoongoza shina la vali ilikandamizwa kwa ndani ili tundu lipungue. Yalikuwa matengenezo ya kuvutia muda, wala hayakuchukua nafasi ya kipuri kipya.

Sasa tuje kwenye gobore, yaani bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Hapa Kiswahili kina utata mdogo unaostahili kutajwa: neno risasi ni jina la metali yenyewe na pia ni jina la kitu kinachorushwa. Kwa gobore majina hayo mawili yanakutana bila ugomvi, kwani risasi yake kwa kawaida ni ya risasi tupu.

Risasi ya gobore lenye mifereji ya mzunguko ndani ya mtutu hudaiwa mambo mawili yanayopingana. Wakati wa kushindilia, inapaswa kuwa nyembamba kiasi cha kuteremka kwa kusukumwa na mdeki kwa nguvu za mkono. Wakati wa kufyatuliwa, inapaswa kuwa nene kiasi cha kuishika mifereji, kuzunguka, na kuziba moshi usiipite. Suluhisho la kale ni gololi ndogo iliyofungwa katika kitambaa chenye mafuta, ambapo kitambaa ndicho kinachojaza nafasi. Suluhisho la mwaka 1849, lililoletwa na Mfaransa Claude-Étienne Minié, ni risasi yenye shimo kwenye kitako, ambayo kuta zake hutanuka kwa msukumo wa moshi. Suluhisho la tatu ni risasi ndefu, nzima isiyo na shimo, inayokaribia sana kipenyo cha mtutu na kutegemea ulaini wa metali yake kutanuka pale baruti inaposhika moto.

Tatizo huzuka katika hilo la tatu, pale kalibu, yaani chombo cha kumiminia risasi, inapotoa risasi nyembamba kidogo kuliko inavyotakiwa. Tuseme mtutu una milimita 12.70 kati ya tuta na tuta, yaani sehemu zilizoinuka kati ya mifereji, nayo risasi imetoka na 12.62. Itateremka kwa uzito wake yenyewe, na kwa njia hiyohiyo itapanda kuelekea mdomoni pale mtutu unapoinamishwa. Hilo si suala la kukosa shabaha tu. Risasi iliyoachana na baruti na kukaa katikati ya mtutu huwa kizuizi, na mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mahali hapo. Nalingi huingia hapa: vilele vya sehemu ndogo za milimita vinatosha kuifanya risasi ishike kuta na ibaki ilipowekwa. Wakati wa kushindilia, matuta ya mtutu hukata vilele hivyo kwa wepesi, maana ni vyembamba, kuliko ambavyo yangekata mwili mzima wa risasi yenye kipenyo hichohicho. Faida ya ziada ni mabonde yenyewe, ambayo hubeba mafuta au nta. Na kwa baruti nyeusi, ambayo huacha masizi mengi magumu, mafuta hayo ndiyo yanayoufanya mtutu ukubali risasi inayofuata. Risasi nyingi ndogo za 0.22 ya inchi hutoka kiwandani zikiwa na alama za namna hii mwilini.

Chombo cha kufanyia kazi hii nyumbani ni rahisi kuliko jina lake. Kinachohitajika ni tupa mbili bapa zenye meno makubwa. Moja hulazwa juu ya ubao mzito au hubanwa kwenye jiliwa, uso wa meno ukitazama juu. Nyingine hutiwa mpini na kuelekezwa chini. Risasi hulazwa katikati na kubingirishwa. Kanuni yake ni ileile ya kiwandani, ambako parafujo hutiwa hesi kwa kubingirishwa kati ya bapa mbili zenye meno. Tupa yenye mistari ya upande mmoja itaacha mistari iliyoinama kama hesi. Yenye mistari ya kukatana itaacha vijimraba. Kwa risasi ya gobore tofauti ya sura hizo ni ndogo, ijapokuwa vijimraba hushika mafuta vizuri zaidi.

Kwa mkono mtupu, hata hivyo, chombo hiki hutoa risasi zisizofanana, kwa kuwa kiganja hukandamiza zaidi upande mmoja na risasi hutoka na umbo la koni. Dawa yake ni reli mbili za chuma za kimo kimoja, moja kila upande wa tupa ya chini, ili tupa ya juu ikishafika hapo isizidi kushuka. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Mtu anayetaka risasi ya milimita 12.70 huziweka tupa zikiwa na nafasi ya milimita 12.70 kati yake, kisha hushangaa kwamba risasi yake ya 12.62 inapita bila kuguswa. Nafasi kati ya ncha za meno ya juu na ya chini lazima iwe ndogo kuliko kipenyo cha risasi kabla ya kazi, kwa sababu meno yanatakiwa kuzama. Kipenyo kipya hujitokeza katika nafasi zilizo kati ya meno, si kwenye ncha. Kiasi gani cha kupunguza hakipatikani kwa fomula nzuri, kwani kinategemea umbo la meno na ulaini wa metali. Njia ya uhakika ni kuanza na reli zilizo juu kidogo, zikiwa zimewekewa karatasi chini yake, na kuondoa karatasi moja baada ya nyingine huku ukipima.

Urefu wa mwendo nao una hesabu yake. Risasi ya milimita 12.7 ina mzingo wa karibu milimita 40, lakini kwa kuwa inabingirika juu ya tupa iliyotulia, tupa ya juu husafiri mara mbili ya umbali huo, yaani karibu milimita 80, ili risasi izunguke mara moja. Mwendo mfupi kuliko huo huacha sehemu ambazo kila tupa haijazipitia, na risasi hutoka na alama zisizolingana pande zote. Sehemu ya kichwa inayopungua kuelekea nchani huachwa nje ya ukingo wa tupa, na mwili ulionyooka ndio unaobaki ndani.

Metali yenyewe huamua mengi. Risasi tupu huwa na ugumu wa takriban 5 kwa kipimo cha Brinell, nayo hupokea meno kwa shinikizo la kawaida la mkono. Aloi yenye antimoni ni ngumu zaidi, hukataa meno, na hata ikikubali haitanuki vema kwa baruti nyeusi, hivyo nalingi huficha kosa la aloi badala ya kulitatua. Ukomo mwingine ni wa kipenyo: pengo la sehemu chache za mia za milimita huzibika vizuri, lakini likifika sehemu moja ya kumi ya milimita au zaidi, vilele huwa virefu na dhaifu, hulala chini vinapopita mdomoni, na risasi hurudia ulegevu wake ikiwa tayari ndani. Kwa pengo la namna hiyo kinachofaa ni kalibu nyingine. Kila risasi ipimwe kwa pembe tatu au nne, kwa kuwa iliyopoteza uduara haionekani kwa macho, na wastani wa kipenyo chake unaweza kudanganya.

Baada ya risasi chache, metali laini hujaza nafasi za meno na tupa huanza kuacha alama hafifu. Kupaka chaki kwenye tupa kabla ya kazi hupunguza mnaso huo, na brashi ya waya hutoa kilichobaki. Vumbi linalotoka ni la risasi, ambayo ni sumu ikiingia tumboni au mapafuni, kwa hiyo hufutwa kwa kitambaa chenye maji wala halipulizwi, na mikono huoshwa kabla ya kugusa chakula.