Ukuta wa chokaa si mweupe: dhana potofu za darasa la uchoraji

Darasa la uchoraji la watu wazima, lile la Jumamosi asubuhi ambapo mstaafu anakaa bega kwa bega na muuza duka na mwanafunzi wa skuli, lina faida moja kubwa: kosa la mmoja linafundisha watu kumi. Lina na hasara yake, kwamba neno lisilo sahihi likishatamkwa mezani hushikwa na wote. Haya ndiyo yanayosikika zaidi madarasani Unguja na Pemba, na hali yake halisi.

"Bila kipaji cha mkono, usijisumbue"

Mkono unaoweza kuandika jina lako unaweza kushika brashi. Kinachohitaji kufunzwa ni jicho. Muweke anayeanza mbele ya dele la kahawa na kikombe chake: mdomo wa kikombe ataufanya kama jani la mwembe, wenye ncha mbili pembeni, na kitako atakipiga mstari ulionyooka, kwa kuwa anajua kikombe kimetulia mezani. Amechora anachokijua, hakuchora anachokiona. Mdomo ule ni duara lililolala, halina ncha popote. Na kitako hupinda zaidi kuliko mdomo, kwa sababu kiko chini zaidi ya usawa wa macho.

Dawa yake ni kupima. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kikaze, fumba jicho moja, simamisha penseli, kisha tia alama kwa kidole gumba. Upana wa mlango unaingia mara ngapi katika urefu wake? Andika jibu pembeni ya karatasi. Kiwiko kikilegea baina ya kipimo na kipimo, vyote vinaharibika. Kwa milango yetu ya nakshi, anza na umbo zima, halafu miimo na kizingiti, halafu mfaa, ule mti wa katikati unaosimama baina ya mabawa mawili ya mlango. Misumari ya shaba iwe ya mwisho kabisa. Wengi huanza na misumari kwa sababu ndiyo inayovutia, na wakifika upande wa pili ubao umekwisha.

"Ukuta mweupe hupakwa nyeupe, kivuli hupakwa nyeusi"

Hii ndiyo dhana inayoharibu picha nyingi kuliko nyingine zote, na kwa wanaochora Mji Mkongwe haiwezi kukwepwa.

Utazame ukuta uliopakwa chokaa saa tatu asubuhi. Upande unaopigwa na jua una nyeupe yenye chembe ya manjano. Upande wa kivuli hauoni jua, unaona mbingu, kwa hiyo unavuta buluu. Chini kabisa, karibu na njia, kivuli hichohicho kinapata joto la rangi, yaani kinavuta manjano au wekundu, maana mwanga unagonga sakafu na kurudi juu. Na katika kichochoro chembamba, ukuta wa mkabala ukiwa wa rangi ya mchanga, utauona umejipaka kwenye kivuli cha ukuta unaouchora. Ukuta mmoja, rangi tatu au nne, na hakuna hata moja iliyo nyeupe tupu.

Nyeusi ya tyubu ikichanganywa na nyeupe hutoa kijivu cha saruji mbichi. Ikiingia kwenye manjano hugeuka kijani cha zeituni, ndiyo maana ndizi nyingi za darasani zinaonekana zimeharibika upande wa kivuli. Chukua badala yake buluu ya altramarini na kahawia iliyoandikwa siena ya kuchomwa. Zikiwa sawa kwa sawa bila nyeupe zinatoa giza zito linalokaribia nyeusi. Kwa kivuli cha ukuta, weka nyeupe kijiko kimoja cha chai, buluu kiasi cha punje ya mchele, na kahawia nusu ya hiyo. Halafu ongeza kidogo kidogo. Daima peleka rangi ya giza kwenye rangi ya mwanga. Ukianza na buluu ukitaka kuififisha kwa nyeupe, nusu ya tyubu itakwenda kabla hujafika unakotaka.

Kosa linalofuata ni kuogopa. Kivuli kinapakwa chepesi mno, jua nalo linatoweka kwenye picha. Kunja macho mpaka vitu vidogo vipotee na yabaki mafungu ya giza na mwanga. Au piga picha ya kazi yako kwa simu na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe: kama ukuta wa juani na wa kivulini vimekuwa kijivu kimoja, tatizo ni kiwango cha giza, na rangi nzuri hazitaliokoa.

"Seti kubwa ndiyo mwanzo mzuri"

Tyubu 5 zinatosha mwaka mzima: nyeupe, manjano ya limau, nyekundu, altramarini na siena ya kuchomwa. Nyeupe inunue kubwa mara mbili ya nyingine. Seti za bei nafuu zenye rangi 24 mara nyingi zina kijazio kingi na rangi halisi kidogo, kwa hiyo mchanganyiko wa tatu tu unageuka tope. Brashi 3: bapa ya milimita 25, bapa ya 12, na ya mviringo namba 6.

"Akriliki ni ya maji, basi itie maji upendavyo"

Ndani ya akriliki mna gundi ya plastiki inayoishikilia rangi. Maji yakizidi kama theluthi moja ya mchanganyiko, gundi inakuwa nyepesi mno na rangi inaweza kutoka kwa kusuguliwa. Ikikauka inakoza kidogo pia, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi na usubiri.

Ukikaa barazani upepo wa kusi ukivuma, tone la akriliki linakauka kwenye sahani ndani ya dakika chache. Tandika sifongo au kitambaa kilicholoweshwa kwenye sinia, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi ziweke hapo. Ukifunika zitakaa mpaka kesho. Brashi isiachwe imesimama koponi usiku kucha: nywele zinapinda, mti unavimba, na gundi iliyoshika nywele inaachia. Ioshe kwa maji baridi na sabuni ya kipande, kwani maji ya moto yanaigandisha akriliki kwenye mzizi wa nywele.

"Rangi ya ukutani ni jeso ileile"

Jeso ni rangi nyeupe ya kutayarishia kitambaa au ubao kabla ya kuchora. Rangi ya ukutani, kwa mazoezi juu ya hadibodi, inavumilika. Juu ya kitambaa kilichokazwa, rangi nafuu ya ukutani hupasuka kinapotikisika, au hutoa unga. Marikani, kitambaa kile kilicholetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19 na kikabaki na jina la kwao, kinafaa kuwa turubai kikitayarishwa: kikaze kwenye fremu ukianzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni, paka jeso ya kwanza iliyotiwa maji kidogo, iache ikauke, piga msasa laini, kisha paka ya pili kwa kukatisha mkondo wa ile ya kwanza. Siku za kiangazi saa moja au mbili hutosha baina ya kupaka mara ya kwanza na ya pili. Masika, subiri hadi asubuhi.

"Uchoraji wa Zanzibar ni Tingatinga"

Mtindo huo ulianza Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefariki mwaka 1972. Ule mng'ao wake unatokana na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Anayetaka kujifunza ajue hilo, kwani akriliki iliyoyeyushwa haitampa mng'ao ule wala nukta zile nene. Na usipake akriliki juu ya rangi ya mafuta: itabanduka kama ganda.

Wapo pia wanaokaa mbali na darasa wakidhani watalazimishwa kuchora watu na wanyama. Si lazima. Milango, majahazi, nakshi, sinia la matunda: vipimo, mwanga na rangi vyote vimo humo.

"Kuchora nje ni kukaa kutwa"

Jua letu linapanda haraka. Kila saa linasogea nyuzi 15, na mwanzoni mwa Machi na karibu ya tarehe 9 Oktoba linapita utosini, vivuli vya adhuhuri vinakuwa kama havipo. Chora kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi. Vivuli vyote vitie alama ndani ya dakika 15 za mwanzo, kisha usivifukuze tena. Ukichora ngalawa ufukweni, tazama maji kwanza: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ngalawa iliyokuwa ikielea huwa imelala ubavu kwenye mchanga baada ya saa chache. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ni rahisi zaidi kwa anayeanza.

"Kutazama kazi ya jirani ni kuiba"

Kwa nini basi mkae pamoja? Nusu saa ya mwisho pangeni kazi zote ukutani, rudini nyuma hatua tano au sita, na kila mmoja aseme jambo moja kuhusu kila picha, lenye mahali na sababu. "Nzuri, mashaallah" inafurahisha lakini haimsaidii mchoraji. "Kivuli chini ya kizingiti kina giza sawa na cha mtaa, kwa hiyo mlango hauingii ndani" inamsaidia leo hii. Mwalimu asishike brashi ya mwanafunzi. Aoneshe kwenye karatasi ya pembeni.

Picha zikishakauka, msiziegemeze kwenye ukuta wa nje wa mawe, maana ukuta huo unanyonya unyevu masika yote. Gundisheni vipande viwili vya koki, ile ya vizibo vya chupa, pembe za chini za fremu ili hewa ipite nyuma. Za rangi za maji zikitiwa kioo, karatasi isiguse kioo, la sivyo ukungu utaanzia hapo.