Je, wajua kwa nini polisi mwadilifu wa sinema za Kiitaliano hamalizi filamu salama?

Wengi tumekua tukijua kwamba stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, ataning'inia ukutani, lakini mwisho atatoka hai. Filamu za polisi zilizotengenezwa Italia miaka ya 1970 hazikujali kanuni hiyo. Inspekta asiyekula rushwa, asiyelala, anayefukuza majambazi kwa Alfa Romeo Giulia hadi matairi yatoe moshi, huishia kuuawa, au kufiwa, au kunyang'anywa kazi. Na ukimfuata anayemwangusha, nyuma ya jambazi utamkuta mkubwa fulani mwenye suti.

Husemwa kwamba Waitaliano walimwiga polisi mkorofi wa Marekani aliyeigizwa na Clint Eastwood mwaka 1971. Waliiga, ndiyo, lakini hilo halielezi kwa nini wa kwao alishindwa mara nyingi. Jibu liko mitaani kwao.

Tarehe 12 Desemba 1969 bomu lililipuka ndani ya benki moja pale Piazza Fontana, Milano, likaua watu 17. Polisi waliwakamata kwanza wafuasi wa siasa za kupinga dola. Mmoja wao, mfanyakazi wa reli Giuseppe Pinelli, alianguka kutoka dirisha la makao ya polisi akiwa mahabusu, akafa. Miaka ikapita, mahakama zikaonyesha kwamba bomu lilikuwa kazi ya mafashisti mamboleo, na maofisa wa ujasusi wa jeshi wakatiwa hatiani kwa kuwasaidia watuhumiwa. Inspekta Luigi Calabresi, aliyekuwa kwenye upelelezi huo, alipigwa risasi nje ya nyumba yake Mei 1972. Wengi walikuwa wamemlaumu kwa kifo cha Pinelli. Uchunguzi wa mahakama ulikuja kumsafisha, yeye akiwa kaburini.

Sasa mtu anayeishi katika nchi kama hiyo, umwonyeshe filamu ambayo polisi anamkamata mhalifu, hakimu anamfunga, mambo yameisha? Angekucheka.

Mwaka huohuo wa 1972 ilitoka *La polizia ringrazia*. Mwongozaji wake alijulikana kwa vichekesho, tena kwa jina la Steno. Safari hii akaweka jina lake kamili, Stefano Vanzina. Ndani yake inspekta Bertone anachunguza kundi linaloua wahalifu kwa siri, kisha anagundua kwamba linaongozwa na mkuu wa zamani wa polisi. Anauawa. Filamu ikapata watazamaji wengi, na watayarishaji wakajua wamepata biashara.

Hata mapigano ya inspekta wa filamu hizi na mahakama yalikuwa na msingi. Italia ya miaka hiyo, polisi hakupeleleza atakavyo. Mwendesha mashtaka au hakimu ndiye aliyeongoza upelelezi. Ndiyo maana karibu kila filamu ina ile sehemu ya ofisini: inspekta anapiga meza, hakimu anamsomea sheria, na mshukiwa tayari yuko mlangoni na wakili wake.

Hapo ndipo wachambuzi wa mrengo wa kushoto walipozishutumu filamu hizi kuwa za kifashisti, na kwa maoni yangu hawakukosea sana. Katika *Roma violenta* ya 1975, Maurizio Merli, mwenye masharubu na mkono mwepesi wa makofi, ni inspekta Betti. Anapoteza kazi kwa kumuua jambazi, kisha anajiunga na raia wanaojichukulia sheria mkononi. Yaani genge kama lile ambalo Bertone alikufa akilipinga, miaka mitatu baadaye stelingi ndiye mwanachama wake! Hasira ya watazamaji ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani wa kupigwa.

Kufikia mwisho wa muongo filamu hizi zilikuwa zimechuja, nyingine zimegeuka vichekesho. Kisha Machi 1981, wapelelezi waliokuwa wakipekua ofisi ya Licio Gelli, mkuu wa chama cha siri cha P2, wakakuta orodha ya majina 962. Walikuwemo mawaziri, majenerali, wabunge na wakuu wa idara za ujasusi. Miezi miwili baadaye serikali ya waziri mkuu Arnaldo Forlani ikaanguka.