Hela ya marehemu haiji kwa miezi mitatu, wala haihitaji miaka ishirini

Kila msiba wa ajali hapa Dar una mtu mmoja anayejua sheria. Mara nyingi ni shemeji, amekaa kwenye jamvi karibu na masufuria, anawaambia wafiwa fidia ipo, miezi mitatu hela mkononi, yeye ana mtu wake. Pembeni yake yupo mzee anayesema achaneni nayo hiyo, kesi za Bongo watakuja kula wajukuu. Mimi nimekaa karani kwenye ofisi ya mawakili Kinondoni kwa miaka kadhaa, mafaili ya hawa watu nimeyafungua kwa mikono yangu, na nakwambia wote wawili wanakosea palepale: wanadhani muda unaliwa na hakimu. Sehemu kubwa ya muda inaliwa kabla hujamfikia hakimu, na nyingine baada ya kuachana naye.

Dhana ya kwanza: dereva akishapelekwa mahakamani na trafiki, fidia itatokea humohumo.

Usitegemee hivyo. Ile kesi ni Jamhuri dhidi ya dereva. Familia pale ni mashahidi. Akipigwa faini, faini inaenda serikalini, akifungwa ameenda kufungwa, na mjane anarudi Gongo la Mboto na nauli yake ileile. Fidia kwa kawaida ni kesi nyingine, ya madai, inasimama kwenye sheria ya ajali zenye vifo, Sura ya 310. Ila sasa usiidharau ile ya jinai, maana Sheria ya Ushahidi inasema hukumu ya mwisho ya jinai, muda wa rufaa ukishapita, inahesabika ushahidi usiopingika kwamba aliyetiwa hatiani kweli alitenda, na ubaya wa hiyo ni kwamba akiachiwa huru nayo inahesabika hivyohivyo. Ndo maana wakili anaweza kukwambia tusubiri kwanza ya trafiki iishe, na wewe ukaona anakuzungusha. Wakati mwingine kweli anakuzungusha, ila wakati mwingine ana sababu ya maana kabisa.

Ya pili hii ndo inayokula watu: "si tuna cheti cha kifo, twende tukafungue kesi".

Kuna mama mmoja wa Mbagala alikuja na bahasha ya kaki ndani ya mfuko, kila karatasi kaikunja mara nne. Mumewe alikuwa bodaboda, kagongwa na lori usiku. Tukazipanga mezani. Cheti cha kifo kimeandika Ramadhani, kitambulisho cha NIDA Ramadhan, leseni ina jina la babu mbele na la baba halipo kabisa, cheti cha ndoa cha Bakwata kina jina la nne la ukoo ambalo hakuna karatasi nyingine inayolijua. Kwa sisi mtaani ni mtu mmoja huyo, kila mtu anamjua, ila kwa bima hao ni watu wanne. Basi kiapo cha majina, kurudi RITA wanaotoa vyeti vya vifo, kusubiri, na hapo bado hujamshtaki mtu.

Halafu mirathi. Kwa kawaida anayefungua kesi kwa niaba ya wafiwa ni msimamizi wa mirathi, na huyo hapatikani kwa kuteuliwa kwenye arobaini. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe na kusainiwa, mwende mahakama ya mwanzo na fomu namba 1 ya maombi, au kwa wengi siku hizi pale Temeke kwenye kituo jumuishi cha masuala ya familia, tangazo litolewe, lisubiriwe, na kama hakuna pingamizi ndo mnapata fomu namba 4, ile inayomthibitisha msimamizi. Kama hakuna pingamizi, nasema. Mke wa pili akitokea Kibiti na mtoto mgongoni, au kaka wa marehemu akisema msimamizi ni yeye, hapo shika kiti ukae. Nimeona familia imekaa zaidi ya mwaka inagombea nani awe msimamizi wa hela ambayo hakuna aliyekuwa ameidai bado.

Sasa mahakamani kwenyewe, ambako watu wanaogopa, ratiba ipo. Ukishafungua, mdaiwa akipokea wito ana siku 21 za kuleta utetezi wake. Kuna usuluhishi wa lazima, na huo umepewa siku 30 tangu kikao cha kwanza. Usipofanikiwa, kesi inapangiwa njia yake kulingana na uzito, ya haraka kabisa miezi 10, kuna ya 12, ya 14, na zile ngumu miezi 24. Sisemi kila kesi inamalizika humo. Wito ukimkosa mdaiwa mara tatu kwa sababu mwenye lori kahama ofisi, au shahidi wa trafiki kahamishiwa Katavi, au daktari hayupo, tarehe zinakwenda "kutajwa" tu, unavaa nguo nzuri unapanda daladala mpaka mahakamani unaambiwa rudi mwezi ujao. Lakini angalia sababu zenyewe. Nyingi ni mtu na karatasi, sio sheria.

Ya tatu: bima inalipa yenyewe. Nikiulizwa hii huwa nacheka kidogo. Ni kweli kila gari lazima liwe na bima angalau ile ndogo, na bima ndogo kazi yake ndo hiyo, kumlipa mtu wa nje aliyeumizwa au kuuawa na hilo gari. Stika siku hizi unaihakiki mwenyewe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, fanya hivyo wiki hiyohiyo ya ajali, usisubiri. Lakini kampuni ya bima haikutafuti wewe. Inataka ripoti ya polisi, ramani ya tukio, ripoti ya ukaguzi wa gari, ripoti ya uchunguzi wa mwili, cheti cha kifo, fomu namba 4, uthibitisho wa kipato, na ikikosekana moja faili linalala. Yule wa Mbagala kipato cha mumewe tulikithibitisha kwa stetimenti ya M-Pesa na daftari la kikoba, maana bodaboda hana salari slipu, na bila hesabu ya alichokuwa anaingiza nyumbani ofa ya kwanza ya bima ilikuwa ndogo mpaka mama akauliza kama hiyo ni ya mwezi mmoja.

Na hapa niseme la uchunguzi wa mwili, kwa heshima zote. Najua tunataka kuzika mapema, wengine siku hiyohiyo kabla ya alasiri, na hakuna anayependa marehemu wake apasuliwe. Lakini kwa kifo cha hospitali hasa, kama unahisi kulikuwa na uzembe, bila ripoti ile utabaki na maneno. Watu wanadhani ukilalamika Baraza la Madaktari litaamuru ulipwe. Baraza linashughulika na daktari, nidhamu yake na leseni yake. Hela ni mahakamani. Na kama hospitali ni ya serikali, unaanza na notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na kesi inaenda Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya 2020 hata halmashauri na mashirika ya umma yameingia kwenye utaratibu huo. Watu wengi kesi zao zimetupwa hapa tu, wamefungua bila notisi, wameambiwa rudini mwanzo.

Kuhusu rambirambi: mwenye gari akileta gunia mbili za mchele na laki tano, mkapokea, hamjasamehe kitu. Kosa ni kusaini ile karatasi anayokuja nayo yule kijana mwenye mkoba, imeandikwa kwamba familia imelipwa na haitadai tena. Ikisainiwa na mtu mwenye mamlaka, hiyo kesi ndo imeisha, siku ya tatu ya msiba. Karatasi yoyote ndani ya msiba haisainiwi, ipigwe picha, ikae.

Waliofia kazini habari yao ni fupi. Hutakiwi kuanza kwa kumshtaki bosi. Kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, unachangiwa na waajiri, umeanza kupokea madai Julai 2016, na haukuulizi nani alikosea. Ila taarifa ifike ndani ya miezi 12. Fundi kaanguka kwenye ghorofa Kariakoo, familia inakaa inamsubiri bosi mwenye huruma, mwaka unapita.

Kuna na mzee anayesema "damu haiozi", kwamba madai ya marehemu hayapitwi na muda. Naye asikilizwe, kisha ajibiwe: madai yanaoza. Madai yanayotokana na uzembe kikomo chake kwa jumla ni miaka 3. Waziri wa sheria anaweza kuongeza, ila isizidi nusu ya muda uliowekwa, na sio jambo la kutegemea. Wanaotazama klipu za Marekani wanafikiri huko ndo kuna nafasi zaidi, wakati California kwa mfano kikomo ni miaka 2, na huko pia kesi nyingi zinaishia kwa makubaliano kabla hata hazijasikilizwa.

Halafu hukumu. Siku inasomwa watu wanakumbatiana nje, wanapiga picha. Mwenye kushindwa ana siku zake za rufaa, toka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu ni 90, na kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani anatoa taarifa ndani ya siku 30. Rufaa peke yake haizuii kukazia hukumu, yaani kulazimisha ilipwe, lazima aombe zuio, hilo mawakili wa upande wa pili huwa hawakwambii. Na kukazia hukumu ni kazi nyingine: maombi, dalali wa mahakama, kutafuta akaunti, kutafuta lori lenyewe ambalo kwa muujiza sasa lina jina la mtoto wa dada wa mwenye lori. Muda wa kukazia ni miaka 12, kwa hiyo hukumu haifi haraka, ila usiilaze.

Yule mama wa Mbagala hatukufika hukumu. Bima ilikubali kwenye usuluhishi, na ukihesabu toka siku ya ajali ilikuwa miaka miwili na miezi kidogo, ambapo mahakamani tulikaa miezi mitano. Siku ya kugawana akaja shemeji wa kwenye jamvi, na kopi ya NIDA mkononi. Nikamfungulia Sura ya 310 pale mezani, nikamwonyesha kwa kidole wanaotajwa: mke, mume, mzazi, mtoto. Akasoma mara mbili, akauliza kama hiyo ndo sheria mpya. Nikamwambia hapana, iko hivyo siku zote.