Mipaka ya kura Marekani: yanayosemwa kuhusu "Slay the Dragon" na yalivyo

Filamu ya makala "Slay the Dragon", kazi ya Barak Goodman na Chris Durrance, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Tribeca jijini New York mwezi Aprili 2019. Inahusu wanasiasa wa Marekani wanaochora mipaka ya maeneobunge kwa hila hadi mshindi ajulikane kabla ya kura ya kwanza kutumbukizwa sandukuni. Ni filamu nzuri, ila imezungukwa na maneno mengi ya kudhania, mengine yakitoka kwa watu walioitazama hadi mwisho.

"Ukiona umbo la ajabu kwenye ramani, hapo pana hila."

Umbo ndilo lililoipa hila hii umaarufu. Mwaka 1812 Gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts aliidhinisha ramani yenye eneo lililojikunja mfano wa mjusi, na gazeti moja la Boston likalichora likiwa na mbawa na makucha. Karne mbili baadaye, eneobunge la 7 la Pennsylvania lilibandikwa jina la "Goofy akimpiga teke Donald Duck", hadi Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilipoifuta ramani nzima mwaka 2018.

Lakini eneobunge la 4 la Illinois, lililofanana na vipokea sauti vya kichwani, lilichorwa hivyo ili kuunganisha sehemu mbili za Chicago zenye Walatino wengi, nao wapate mwakilishi wao. Na ramani ya Wisconsin ya 2011, ambayo filamu inakaa nayo muda mrefu, haikuhitaji mjusi wala bata. Watetezi wake walisimama mahakamani wakasema imefuata kanuni zote za kawaida za uchoraji.

Hila iko kwenye hesabu. Chukua wapiga kura 15, tisa wa chama A na sita wa chama B, uwagawe katika maeneo matano ya watu watatu watatu. Sita wa A warundike katika maeneo mawili, washinde huko tatu kwa sifuri. Watatu waliobaki watawanye mmoja mmoja katika maeneo yaliyosalia, kila mmoja akabiliane na wawili wa B. Chama chenye kura sita kimeondoka na viti vitatu, chenye kura tisa kimepata viwili, na hakuna kura hata moja iliyoibwa. Wisconsin mwaka 2012, Warepublican walipata takriban asilimia 48.6 ya kura za bunge la chini la jimbo, wakatwaa viti 60 kati ya 99.

Ramani hiyo ilichorwa katika ofisi ya mawakili iliyo mkabala na jengo la bunge mjini Madison. Wabunge wa Republican waliitwa mmoja mmoja, kila mtu akaonyeshwa eneo lake, na kabla ya hapo akatia saini hati ya kutunza siri. Wenzao wa Democratic hawakukaribishwa.

"Ni propaganda ya Wademokrati."

Filamu imeelemea kwenye maovu ya Republican, na anayesema hivyo hakosei. Ina sababu lakini. Mwaka 2010 Warepublican waliendesha mpango wa REDMAP, uliogharimu takriban dola milioni 30: walimwaga fedha kwenye chaguzi za mabunge ya majimbo, ambayo mara nyingi ndiyo huchora mipaka, chaguzi ambazo hakuna aliyekuwa akizitazama, ili sensa ya mwaka huo ikishatoka kalamu ya kuchora mipaka iwe mikononi mwao. Chris Jankowski, aliyeuongoza mpango huo, anajitokeza mwenyewe mbele ya kamera na kueleza ulivyofanya kazi. Propaganda ya kawaida haimpi mpinzani nafasi ya namna hiyo.

Wademokrati nao si malaika. Maryland waliichora upya ramani ya 2011, na Roscoe Bartlett, Mrepublican aliyekuwa amekalia kiti cha eneobunge la 6 kwa miaka 20, akaangushwa mwaka uliofuata. Gavana wa wakati huo, Martin O'Malley, baadaye alikiri chini ya kiapo kwamba walitaka eneo ambalo Mdemokrati angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Ningependa filamu ingelikalia jambo hilo kidogo.

"Mipaka hii ndiyo iliyompeleka Trump Ikulu mwaka 2016."

Hapana. Kura za urais huhesabiwa jimbo zima kwa pamoja, isipokuwa Maine na Nebraska, ambazo hugawa sehemu ya wajumbe wao wanaomchagua rais kwa kufuata maeneobunge. Maseneta wa Congress na magavana vilevile huchaguliwa na jimbo zima, na mipaka ya maeneobunge haiwagusi.

"Corona iliiua filamu."

Ilikuwa iingie kumbi za sinema Machi 2020, mwezi uleule kumbi zilipofungwa. Wasambazaji, Magnolia Pictures, wakaitoa mtandaoni tarehe 3 Aprili, watu waikodi na kuitazama nyumbani. Kwa mapato ya tiketi ilikuwa hasara, hilo halina ubishi. Ila sidhani kama kuna filamu ya kisiasa iliyowahi kutoka katika wiki iliyoifaa zaidi.

Siku hiyo hiyo Gavana wa Wisconsin, Tony Evers, Mdemokrati, aliliita bunge kikao maalumu cha tarehe 4, akiomba uchaguzi wa tarehe 7 uendeshwe kwa posta. Bunge lile lile lililozaliwa na ramani ya 2011 likafungua kikao na kukifunga papo hapo, bila mjadala. Tarehe 6 gavana akatoa amri ya kuahirisha, Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitengua kwa majaji wanne dhidi ya wawili. Asubuhi yake Milwaukee, jiji ambalo kwa kawaida huwa na vituo takriban 180 vya kupigia kura, lilifungua vitano. Watu walipanga foleni kwa saa kadhaa wamevaa barakoa, wameachiana nafasi barabarani. Aliyekuwa ameikodi filamu wikendi ile aliona sura yake ya ziada kwenye taarifa ya habari.

Matokeo yalipotoka, Jill Karofsky, aliyeungwa mkono na Wademokrati, alikuwa amemwangusha jaji aliyekuwa akitetea kiti chake katika mahakama hiyo. Majaji wa Wisconsin huchaguliwa na jimbo zima, kwa hiyo ramani haikuwa na la kufanya. Desemba 2023, mahakama hiyo ikiwa na sura mpya, ilizifuta ramani za bunge kwa sababu maeneo mengi yalikuwa na vipande vilivyojitenga na mwili wake. Uchaguzi wa 2024 ulipofanyika kwa ramani nyingine, Warepublican walibaki na wingi katika bunge la chini, lakini wa viti 54 kwa 45.

"Filamu ndiyo iliyoleta mageuzi Michigan."

Mambo yalikwenda kinyume: mageuzi ndiyo yaliyozaa filamu. Siku chache baada ya uchaguzi wa Novemba 2016, Katie Fahey, kijana asiye na historia ya siasa, aliandika kwenye Facebook kwamba anataka kupambana na hila ya mipaka Michigan, na anayetaka kujiunga amwambie. Mwishoni aliweka kialama cha tabasamu. Watu waliojitokeza wakaunda Voters Not Politicians, wakakusanya saini zaidi ya 425,000 kwa mikono ya watu wa kujitolea, na Novemba 2018 pendekezo lao likapita kwa asilimia 61. Kamera ziliwafuata tu.

"Mahakama ya Juu ya Marekani ilishakataza jambo hili."

Mwaka 2018 iliikwepa kesi ya Wisconsin kwa hoja kwamba walalamikaji hawakuonyesha walivyoumia wao binafsi. Juni 2019, miezi miwili baada ya Tribeca, ikaamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba kuchora mipaka kwa faida ya chama si suala la mahakama za shirikisho. Moja ya ramani zilizokuwa mbele yake ni ya North Carolina, ambako mbunge David Lewis alitamka hadharani kwamba anapendekeza viti 10 vya Republican na 3 vya Democratic kwa kuwa haamini kama inawezekana kupata 11 kwa 2.

"Kwetu ni yale yale."

Si sana. Kenya mipaka huchorwa na IEBC, tume huru ya uchaguzi na mipaka, si wabunge, na ugomvi mkubwa ni wa idadi: Katiba inaruhusu eneobunge kupishana na wastani wa watu kwa asilimia 30, au 40 mijini na kwenye watu wachache. Tanzania ni tume pia, ila kwa kibali cha Rais. Marekani maeneobunge yanayolingana kwa idadi yamekuwa sharti tangu miaka ya 1960, na hila inafanyika ndani ya usawa huo huo.

"Tume huru ikishaundwa, tatizo limekwisha."

Tume ya Michigan ina wananchi 13: wanne Wademokrati, wanne Warepublican na watano wasio na upande. Ramani zake za kwanza zilitumika 2022, na Wademokrati wakashika mabunge yote mawili ya jimbo kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 40. Mwaka uliofuata majaji wa shirikisho waliyafuta maeneo 13 ya Detroit na viunga vyake, kwa kuwa yalichorwa kwa kuangalia mno rangi ya watu. Tume ikarudi mezani.

California, iliyounda tume yake kwa kura ya wananchi mwaka 2008, imekwenda mbali zaidi. Agosti 2025 bunge la Texas lilichora ramani mpya bila kungoja sensa, likilenga kuwapa Warepublican viti vitano zaidi. Novemba, wapiga kura wa California wakajibu kwa kuipitisha Hoja ya 50, inayoweka kando ramani ya tume na kuwapa Wademokrati nafasi ya viti vitano vyao. Kwa mujibu wa hoja hiyo, tume itaanza tena kuchora baada ya sensa ya 2030.